Gofu ya Ukumbini, Gombani

Gombani, kisiwani Pemba, tuna uwanja wa mpira unaojulikana Zanzibar nzima. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa hapa kwa timu za taifa, Zanzibar Heroes wakaifunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali, na shangwe yake ilifika mpaka majumbani mwetu. Uwanja una nyasi bandia, una njia ya riadha, una majukwaa. Wa gofu hatuna. Kiwanja cha gofu tunachokijua kiko ng'ambo, Unguja, kwenye hoteli ya Sea Cliff upande wa Mangapwani, nacho kina mashimo 9. Kwa kisiwa kama Pemba, ambacho sensa ya 2022 ilikikuta na watu zaidi ya 540,000 wanaogawana ardhi na mikarafuu, minazi, mihogo na mabonde ya mpunga, sioni nani angetenga shamba zima ili watu wanne wapite wakipiga mpira mdogo.

Hata hivyo gofu inachezwa Gombani. Inachezwa ndani, ukumbini, pazia limeshushwa, na wanaoicheza zaidi nyumbani kwetu ni wanawake watu wazima. Nimesikia ikibezwa kuwa ni upuuzi, ni kula umeme, ni mambo ya watoto. Nataka kuitetea, kwa sababu ninachokiona pale ukumbini ni kitu ambacho mwanamke wa Pemba akishavuka ujana hupewa kwa nadra sana: nafasi ya kucheza kwa mwili wake.

Mashine yenyewe ni ya zamani. Ni Wii, ya kampuni ya Nintendo ya Japani, iliyoanza kuuzwa Novemba 2006. Ziliuzwa zaidi ya milioni 100 duniani, na nyingi sasa zimelala makabatini huko Ulaya na Ghuba baada ya watoto wa nyumba kukua. Yetu ilikuja kwa njia ambayo vitu vingi huijia Pemba: jamaa wa Muscat alikuwa akihama nyumba, akaifunga kwenye sanduku pamoja na nguo na tende. Ndani yake ilikuwamo diski ya Wii Sports, ambayo katika nchi nyingi ilitolewa pamoja na mashine bila malipo ya ziada. Diski ina michezo mitano: tenisi, besiboli, bolingi, ndondi na gofu. Watoto hugombania ndondi. Wakubwa wameishika gofu, na sababu ninaijua.

Rimoti ya mchezo huu haitaki vidole gumba. Ndani yake mna kipande kidogo sana cha silikoni kilichoshikiliwa na springi zisizoonekana kwa macho. Ukiusogeza mkono ghafla, kipande kile huchelewa kidogo kuufuata, na kuchelewa huko ndiko mashine inakokusoma kuwa ni kasi na mwelekeo wa pigo. Kwa hiyo unasimama ubavu kwa televisheni, miguu imeachana kidogo, unaishika rimoti kwa mikono miwili, unabonyeza kitufe kimoja na kukishikilia, unarudisha mikono nyuma, kisha unapiga. Pembeni mwa skrini kuna kipimo cha nguvu kinachopanda kwa kadiri ya mzunguko wa mikono yako. Ukizidisha, kipimo hujaa na kuanza kutetemeka, na mpira huenda kombo, ukaangukia mchangani au majini. Kuna mshale wa upepo na namba ya kasi yake. Kuna vijiti vinne tu vya kuchagua. Na ukikiachia kile kitufe unaweza kujaribu pigo lako upendavyo, mpira ukikungoja, mpaka mkono uridhike.

Mashimo yake 9 yana asili ndefu kuliko mashine. Yametokana na mchezo wa gofu wa Nintendo wa mwaka 1984, ambao programu yake iliandikwa na Satoru Iwata, aliyekuja baadaye kuwa rais wa kampuni hiyo mpaka kifo chake Julai 2015. Ilipotoka Nintendo Switch mwaka 2017, watu waligundua kuwa ndani ya mashine ulikuwa umefichwa mchezo ule ule wa 1984, na kwamba ulikuwa ukifunguka siku ya tarehe 11 Julai, siku aliyofariki, kwa anayejua ishara ya mikono miwili ambayo Iwata alikuwa na desturi ya kuifanya mbele ya kamera. Sijui namna nzuri zaidi ya mafundi kumkumbuka mwenzao.

Lakini nirudi ukumbini. Mama yangu mkubwa ameshavuka miaka sitini. Tangu utoto wake ameokota mpeta chini ya mikarafuu, amechambua karafuu usiku kwa taa ya chemni, amepalilia mpunga bondeni na kulea watoto wake na wa wenzake. Rimoti ilipoletwa aliikataa, akakaa kwenye mkeka akitazama. Aliwatazama vijana wakipiga kwa nguvu zao zote na mipira ikiishia majini, mmoja baada ya mwingine, mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Hebu niachieni mie," akasema. "Mbona mwapiga kama mwaua nyoka? Mpira huu hautaki hasira."

Akafunga kibwebwe, akasimama, akajaribu pigo bila kitufe mara kadhaa akiutazama mshale wa upepo, kisha akapiga kwa utaratibu. Mpira ukapaa na kutua kwenye majani mafupi karibu na kibendera. Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Alicheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, cha mtu aliyejishangaza mwenyewe. Akaipokeza rimoti kwa wifi yake, na wakaendelea mpaka adhana ya magharibi.

Tangu hapo mchezo una ratiba yake: baada ya laasiri, kazi za jikoni zikiwa zimepoa. Rimoti moja inatosha, kwani kwenye gofu watu wanne wanaweza kupokezana hiyo hiyo moja. Jirani huja na mwari wake, shangazi huja na kanga yake ya pili, kahawa na kashata huwekwa pembeni. Mwenye bega bovu hupiga kwa mkono mmoja, mwenye mkono wa kushoto hubadilisha mpangilio kwenye skrini akaendelea. Hakuna wa kuwatazama ila wenzao.

Wapo watakaosema kwamba mwanamke wa Pemba hahitaji mazoezi, kwa sababu kazi zake ni mazoezi tosha. Hoja hii naisikia kwa wanaume wema kabisa, na inaniuma. Mwanamke anayeinama kutwa kwenye mwani, maji yakipanda na kushuka, mwili wake unafanya kazi kweli. Anayebeba kuni naye pia. Lakini ile ni kazi ya kulazimika, ya kuinama upande mmoja, ya kubeba, ya kurudia jambo lile lile mpaka mgongo ukatike, na mwisho wake hupimwa kwa kilo na shilingi. Kucheza ni kuusogeza mwili kwa sababu unataka kuona kitakachotokea. Ni kushindwa bila mtu kulala na njaa. Mvulana wa Gombani anayajua haya tangu akiwa na miaka mitano, na akikua anaendelea nayo: jioni yuko uwanjani, au barazani kwenye bao, au kwenye karata. Msichana huyaacha mapema sana. Akishaolewa, mwili wake unakuwa wa kazi, wa uzazi na wa ugonjwa, na tunaona ndivyo ilivyo.

Wako waliolipinga hili waziwazi, na nawavulia kofia. Filamu ya Florence Ayisi ya mwaka 2007 kuhusu timu ya Women Fighters ya Unguja iliwaonyesha walimwengu wanawake wa Zanzibar wanaocheza soka hadharani na yale wanayoyasikia kwa majirani kwa ajili hiyo. Kila tarehe mosi Januari Zanzibar huwa na siku ya mazoezi, na vikundi vya wanawake hutembea na kuruka barabarani pamoja na wengine. Hayo yazidi. Lakini mama yangu mkubwa hataingia Uwanja wa Gombani kukimbia mbele ya watu, wala simlaumu kwa hilo. Ameichagua stara yake na anaipenda. Swali langu ni moja: je, stara hiyo imlazimishe kukaa tu?

Mila zetu wenyewe zilishajibu kuwa hapana. Wanawake wa pwani siku zote wamekuwa na ngoma zao za ndani, harusini na kwenye unyago, ambamo mwanamke hufunga kibwebwe na kucheza kwa mwili mzima kati ya wanawake wenzake, mlango umefungwa. Bibi wa miaka sabini huingia uwanjani na hushangiliwa. Hata mchezo wa fimbo tunaujua: kirumbizi, ambapo wawili hukutana kwa fimbo kwa mdundo wa ngoma, ni wa kwetu tangu zamani, ingawa ni wa wanaume. Kwa hiyo ninapowaona wanawake wanne ukumbini wakizungusha mikono kwa zamu na kupigiana vigelegele, sioni kitu kigeni. Mgeni ni mpira tu.

Na gofu, tuseme kweli, ni mgeni aliyewahi kutubagua. Klabu ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1901, ya Nairobi 1906, ya Muthaiga 1913, na Mwafrika aliyaona majani yale kwa kubeba mfuko wa mtu mwingine. Kenya imetoa wachezaji wengi wa kulipwa walioanza kwa kuwa makedi, wakijifunza pigo kwa kumtazama bwana na kulijaribu kwa kijiti kilichovunjika. Unguja, Waingereza walikuwa na gofu yao Mnazi Mmoja, kwenye uwanja wa wazi uliopo kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, pamoja na kriketi na tenisi. Watu wa Ng'ambo walichokichukua pale wakakifanya chao ni soka. Gofu iliondoka na wenyewe.

Bara imekuwa tofauti kidogo. Dar es Salaam kuna Gymkhana, na kuna kiwanja cha Lugalo kinachosimamiwa na jeshi, na wanawake wa Tanzania wamefika mbali kwenye mchezo huu: Madina Iddi wa Arusha ameshinda mataji ndani na nje ya nchi. Muscat kwenyewe, ambako kila ukoo wa Pemba una mtu wake, klabu ya Ghala ilianza mwaka 1971 kwenye mchanga mtupu, na watu walicheza gofu miaka mingi pale bila nyasi kabla hazijapandwa. Naitaja Ghala kwa makusudi. Waliokaa jangwani hawakungoja mvua ya Scotland ndipo wacheze. Walitazama ardhi waliyonayo wakaufanya mchezo uingie humo. Sisi tunao ukumbi.

Najua gemu zina jina baya, na jina hilo halikuzuka tu. Vibanda vya gemu vimewameza watoto wengi saa za chuo na za skuli. Mtoto anakaa kwenye benchi, macho hayapepesi, kinachosogea ni vidole gumba viwili, na senti aliyopewa ya maandazi imekwisha. Mzazi aliyeyaona hayo akisikia gemu anaona moto. Nami siwezi kumwambia akiache kibanda kile kilee mwanawe. Ninachosema ni kwamba tusiweke kila kitu chenye skrini kwenye kapu moja. Gofu hii inachezwa kwa kusimama, inachezwa na mkubwa pamoja na mdogo, ina mwisho wake baada ya shimo la 9, na haihitaji intaneti wala bando. Diski iliyotoka 2006 inacheza leo vile vile, bila kampuni yoyote kukuuliza neno. Inachezewa mbele ya bibi, na mbele ya bibi mtoto hana lugha chafu.

Tena mtoto hufundishwa kitu ambacho kibandani hakimo. Nimemwona mpwa wangu, mvulana asiyekubali kushindwa, akipigwa na bibi yake siku baada ya siku mpaka akaanza kumuuliza. "Bibi, hapa nitumie kijiti kipi?" Mtoto wa kiume anamuuliza bibi yake namna ya kupiga mpira! Kwenye soka hilo halitokei. Nguvu za kijana, ambazo kwenye michezo yote mingine ndizo zinazompa ushindi, hapa zinamponza, na subira ya mzee inakuwa na thamani mbele ya macho yake.

Kuhusu afya nisitie chumvi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores walipima suala hili mwaka 2007, wakaona kuwa vijana wanaocheza michezo ya Wii hutumia nguvu nyingi zaidi kuliko wanaocheza gemu za kukaa, lakini hawawafikii wanaocheza michezo halisi uwanjani. Na gofu ni ya taratibu kuliko tenisi au ndondi. Haitamponya mtu sukari, wala haitashusha presha peke yake. Lakini bega lililozoea kuinama linafunguka, kiuno kinazunguka, mtu anasimama kwa muda ambao vinginevyo angeukaa. Hospitali ya jeshi ya Walter Reed huko Marekani ilizitumia mashine hizi kuwafanyisha mazoezi wanajeshi waliojeruhiwa, na kwenye makao ya wazee ya Sedgebrook karibu na Chicago, wazee wa wastani wa miaka sabini na kitu walifanya mashindano ya bolingi ya Wii mwaka 2007, na watu wa magazeti wakaenda kuwatazama. Walichokutana nacho ni wazee waliokuwa na sababu ya kutoka vyumbani mwao na kukaa pamoja. Hilo kwangu lina uzito kuliko jasho.

Kuna ya kuangalia. Kumbi zetu ni ndogo na mapangaboi yako chini. Mtu mrefu akiinua mikono atakumbuka baadaye. Meza ya vyombo isogezwe, na mtoto mchanga asiachwe nyuma ya anayepiga. Rimoti ina kamba ya kuvaa mkononi, na kamba hiyo si urembo: Desemba 2006, mwezi mmoja tu baada ya mashine kutoka, Nintendo ililazimika kutoa kamba mpya imara zaidi kwa ajili ya rimoti zaidi ya milioni 3, kwa kuwa zile za mwanzo zilikuwa zikikatika na rimoti kurukia televisheni. Umeme si wa kuogopa. Wii hula takriban wati 18, chini ya televisheni yenyewe. Miaka ya umeme wa jenereta za Wesha, kabla kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga haijafika Pemba mwaka 2010, nisingethubutu kuandika kuhusu gemu ya mama yeyote. Leo akina mama wa Gombani wanaununua umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kwanza, kwa fedha zao wenyewe, za ushonaji, za mwani, za maandazi, na kama baadhi ya yuniti zinakwenda kwenye furaha yao ya laasiri, hakuna mwenye haki ya kuwahoji zaidi ya anavyohojiwa mwanamme anayetazama Ligi Kuu ya Uingereza mpaka usiku wa manane.

Ombi langu la kwanza ni kwa waume na watoto wa kiume: ukirudi ukamkuta mama amesimama mbele ya televisheni na wenzake, piga hodi, ungoja, na usiulize chakula kiko wapi kabla hujauliza nani anaongoza.

La pili ni kwa jamaa zetu wa Muscat, Dubai na London wanaofunga masanduku kila mwaka. Simu tunazo za kutosha. Mashine hizi kwenu ni takataka za kabatini na kwetu zina miaka mingi ya maisha. Mkizileta, hakikisheni diski haina mikwaruzo, kamba ya mkononi ipo, na ile baa ndogo ya kuweka juu ya televisheni haijasahauliwa. Leteni pia waya wenye vichwa vitatu vya rangi, njano, nyekundu na nyeupe, kwa kuwa televisheni za zamani ambazo bado zinafanya kazi majumbani kwetu zinaupokea bila shida, na kwa televisheni mpya kuna kibadilishi kidogo kinachouzwa madukani.

Na mashine moja ipelekwe Limbani, Wete, kwenye nyumba za wazee. Serikali imewafikiria wazee kwa pencheni jamii tangu Aprili 2016, kila aliyetimiza miaka 70 Zanzibar anapata kitu chake, na hilo ni jambo kubwa ambalo nchi nyingi za jirani hazijalifanya. Fedha hununua sukari na dawa. Saa zilizobaki za mchana, ambazo ni nyingi, zinahitaji kitu kingine. Televisheni moja, rimoti moja ya kupokezana, kijana mmoja wa kujitolea wa kuwaonyesha kitufe, na nafasi ya hatua chache mbele ya kiti. Atakayekuwa na mashine asiyoitumia aipeleke mwenyewe, akae nao raundi moja ya mashimo 9, na asiwaachie washinde kwa huruma, maana hawataihitaji.